Saini ni Ushahidi: Maneno ya Manunuzi Tunayopaswa Kuyaelewa

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za miradi na viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana, katika semina ya siku moja iliyofanyika Manzese, Dar es Salaam.)



Najua kwamba kwa mtu wa Manzese nusu siku bila kufungua genge au banda la biashara si jambo dogo. Kwa hiyo nitajitahidi kusema yenye faida.

Mbele ya Mwenyekiti ipo rasimu ya mkataba iliyoletwa na mkandarasi. Ni mkataba wa kujenga matundu sita ya vyoo na kuweka tangi la maji katika kituo chetu cha watoto. Jumamosi kamati itakaa kuusaini. Juzi nilimuuliza mjumbe mmoja kama ameusoma. Akanijibu, "Mratibu, tumeuona. Lakini maneno yake ni ya kitaalamu, tumewaachia ninyi." Jibu hilo ndilo lililonifanya niache mada niliyokuwa nimeandaa na kuleta hii. Maneno ya manunuzi si mapambo ya wataalamu. Kila neno ni mlango ambao fedha ya watu hupitia, na mlango usioujua huwezi kuulinda.

Kisa cha mifuko 36

Niwaeleze kwanza jambo lililonipata mwenyewe miaka ya mwanzo ya kazi hii. Tulikuwa tunajenga madarasa mawili, na tuliagiza saruji mifuko 200 kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Lori lilifika jioni, likasimama pembeni mwa Barabara ya Morogoro, maana kama mnavyojua lori haliingii kwenye vichochoro vyetu. Mifuko ikashushwa na kuingizwa ndani kwa mikokoteni. Nyuma magari yanapiga honi. Dereva akanijia na karatasi, akasema, "Dada, nisainie hapa niwahi, trafiki wale wanakuja." Karatasi ilisema mifuko 200. Nikaiweka juu ya boneti, nikasaini. Sikuhesabu.

Siku tatu baadaye, kabla mafundi hawajaanza kazi, tuliingia stoo tukakuta mifuko 164. Mzee aliyekuwa anatutunzia stoo alisema kwamba hiyo ndiyo aliyopokea. Nani angemwamini? Karatasi yenye saini ya mratibu ilisema 200. Kamati ilimwondoa kazini, na muuzaji akalipwa fedha ya mifuko 200. Naomba mkiweke kisa hiki akilini, nitakirudia mwishoni.

Kabla ya kununua

Safari ya manunuzi huanza na vipimo na sifa za bidhaa, yaani maelezo kamili ya kitu unachotaka. Ukiandika "bati 40" hujasema kitu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na yote huitwa bati. Muuzaji atakuletea lile linalompa faida, na hatakuwa amekudanganya, kwa sababu wewe hukusema.

Kwa kazi ya ujenzi, maelezo hayo hukaa kwenye BOQ. Hili ni jedwali linaloonyesha kila kazi, kipimo chake, kiasi chake, bei ya kimoja na jumla. Ukiona mahali pameandikwa "kazi nyinginezo" na mbele yake fedha nyingi, uliza ni kazi gani. Jedwali zuri halina chumba cha giza.

Kisha kuna kwotesheni, yaani bei anayoandika muuzaji baada ya wewe kumpa vipimo. Tunadai kwotesheni tatu ili wauzaji washindane. Lakini tumewahi kuona kwotesheni tatu zenye mihuri mitatu na mwandiko mmoja. Hizo si tatu, ni moja iliyovaa nguo tatu. Mjumbe wa kamati aende dukani kwa miguu yake.

Ankara kifani, ambayo wengi tunaiita profoma, inafanana sana na ankara, lakini si dai la malipo. Inaonyesha tu utakavyodaiwa ukikubali kununua. Ankara yenyewe huja baada ya bidhaa au huduma kutolewa. Mhasibu anayelipa kwa profoma amelipa kitu ambacho bado hakijafika.

Manunuzi yakiwa makubwa, badala ya kwotesheni tunatangaza zabuni. Anayeomba huitwa mzabuni. Bahasha hufungwa, huletwa kabla ya saa iliyotajwa, na hufunguliwa mbele ya wazabuni, bei zikisomwa kwa sauti. Bahasha iliyochelewa haifunguliwi hata kama ni ya rafiki yetu.

Na katika bei yoyote, ulizeni kama VAT imo au haimo. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Bei ya shilingi 10,000,000 bila VAT itakuwa shilingi 11,800,000 siku ya kulipa. Fedha hizo 1,800,000 zitatoka kwenye fungu lipi?

Kuchagua

Kazi ya kulinganisha wazabuni huitwa tathmini. Watu hudhani kwamba mwenye bei ya chini ndiye mshindi moja kwa moja. Sivyo. Kwanza tunaangalia nani ametimiza vipimo na masharti, na ana uwezo wa kufanya kazi. Miongoni mwa hao waliobaki ndipo tunatafuta bei nafuu.

Hapa ndipo panapohitajika neno gumu: mgongano wa maslahi. Maana yake ni kwamba mjumbe ana faida au udugu upande wa muuzaji. Kuwa na shemeji mwenye duka la vifaa si dhambi. Kosa ni kukaa kimya na kumpigia kura. Mjumbe wa namna hiyo atangaze, iandikwe kwenye muhtasari, kisha atoke nje mpaka uamuzi upite.

Na lipo neno ambalo halimo kwenye mikataba lakini mitaani sote tunalijua: "cha juu". Muuzaji anaambiwa aandike 25,000 kwa kitu cha 20,000, na 5,000 inarudi kwa aliyetumwa kununua. Tusiliite ujanja wa mjini. Cha juu cha mifuko 100 kwa hesabu hiyo ni shilingi 500,000, na hiyo ni milango ya vyoo ambayo watoto hawatakuwa nayo.

Kuagiza

Mshindi akipatikana, anapewa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza. Inataja bidhaa, idadi, bei, tarehe na mahali pa kukabidhi. Kwa kazi kubwa kunakuwa na mkataba. Msiagize kwa simu tu na kuandika karatasi baadaye. Ikitokea ubishi, simu haina kumbukumbu ya mlichokubaliana.

Mahali pa kukabidhi ni maneno matatu tu, lakini kwa Manzese ni jambo kubwa. Rasimu yetu inasema vifaa vitafikishwa "eneo la mradi". Eneo la mradi ni wapi? Ni pale barabarani lori linaposimama, au ni ndani ya stoo ya kituo? Nani analipa mikokoteni? Mfuko ukipotea au kunyeshewa kati ya barabara na stoo, ni hasara ya nani?

Wafanyabiashara wakubwa duniani waliligundua tatizo hili zamani. Chemba ya Biashara ya Kimataifa yenye makao yake Paris ilitoa masharti ya pamoja kuhusu jambo hili mwaka 1936, na toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2020. Humo ndimo zinamotoka zile herufi FOB na CIF wanazozijua wenzetu wanaoagiza magari Japani au marobota ya mitumba. Katika CIF muuzaji analipia bima na nauli ya meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Hata hivyo, hatari ya mzigo humhamia mnunuzi tangu unapopakiwa melini kule ulikotoka. Kulipia nauli na kubeba hatari ni mambo mawili tofauti. Mkokoteni wetu ni mdogo kuliko meli, lakini swali ni lile lile.

Kupokea

Muuzaji huleta hati ya kukabidhi mzigo, na anataka saini yako. Sisi nasi tunajaza hati yetu ya kupokelea bidhaa, baada ya kuhesabu na kukagua. Kisha mtunza stoo anaingiza kwenye leja. Hati hizo mbili na leja lazima zisome namba moja. Kama mzigo umepungua, andika pale pale kwenye hati ya muuzaji: "Imepokelewa mifuko kadhaa tu", kisha ndipo usaini, na dereva naye asaini.

Jambo la msingi ni kutenganisha kazi. Anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ulitumika sana utaratibu wa force akaunti, ambapo shule inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa eneo lake. Katika utaratibu huo huundwa kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Wapo walionung'unika kwamba kamati ni nyingi. Lakini wingi huo una sababu: macho ya watu sita hayadanganyiki kirahisi kama macho ya mtu mmoja mwenye haraka.

Kulipa

Kabla ya kulipa, mhasibu aweke mezani karatasi tatu: LPO, hati ya kupokelea na ankara. Zikikubaliana, alipe. Zisipokubaliana, asilipe, hata muuzaji akija na kelele. Akishalipa, adai risiti ya mashine ya EFD.

Malipo ya awali ni fedha anayopewa mkandarasi kabla hajaanza. Rasimu yetu inampa asilimia 50. Nusu ya fedha yote kabla hata shimo moja halijachimbwa! Anayetaka malipo ya awali huombwa dhamana, yaani ahadi ya benki au bima kwamba akikimbia, wao watalipa. Ipo pia dhamana ya utekelezaji, inayotulinda asipomaliza kazi. Fundi mdogo anaweza kushindwa kupata dhamana, na hilo si kosa lake. Basi vifaa tununue sisi wenyewe, yeye tumlipe ufundi kwa hatua, kadiri kazi inavyokwenda.

Mwisho kuna fedha za kushikilia, sehemu ya malipo inayobaki kwetu mpaka kipindi cha matazamio kipite. Katika kipindi hicho mkandarasi anarudi kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Rasimu inasema asilimia 10 kwa miezi sita. Inasikika vizuri. Lakini hebu tuhesabu. Kazi itaisha mwishoni mwa Julai. Miezi sita inaisha mwishoni mwa Januari. Masika yanaanza lini? Machi. Ninyi ndio mnaoishi hapa, mnajua mvua za masika zinavyofanya mashimo ya vyoo kujaa na kuta kutitia. Kipindi cha matazamio kitakuwa kimekwisha kabla vyoo havijaonja masika hata mara moja! Miezi 12 ndiyo itakayotupa jibu la kweli.

Mambo yakiharibika

Kila mkataba uwe na kifungu cha namna ya kuuvunja: nani atoe notisi, kwa siku ngapi, na ubishi upelekwe wapi. Mfano upo hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2003 DAWASA iliingia mkataba wa miaka 10 na kampuni ya City Water kuendesha huduma ya maji ya jiji. Mwishoni mwa mchakato ilikuwa imebaki zabuni moja tu, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumlinganisha naye. Kampuni ilianza kazi Agosti 2003, na malengo ya makusanyo hayakufikiwa. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na Juni viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini.

Kesi zilifuata. Waamuzi katika shauri moja waliipa ushindi DAWASA. Katika shauri jingine, mwaka 2008, baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia lilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyowaondoa, ingawa halikuiamuru kulipa fidia. Funzo kwetu ni kwamba mzabuni anaweza kuwa amekosea kweli, lakini nawe ukimtoa bila kufuata utaratibu, unakuwa umefungua kesi nyingine dhidi yako.

Kumbukumbu zina nguvu

Wapo wanaosema, "Mratibu anapenda karatasi." Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mnakumbuka suala la rada, ile iliyonunuliwa kwa pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza. Maneno yalikuwa mengi, ila mwisho wa yote, Desemba 2010, kosa ambalo kampuni ilikubali mahakamani London lilikuwa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo. Kwa kosa hilo ilitozwa faini, na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Malipo hayo yalifanyika mwaka 2012, na fedha zikaelekezwa kwenye vitabu na mahitaji ya shule. Karatasi iliyojazwa vibaya iliweza kulifikisha kampuni kubwa mahakamani.

Maneno haya yatawafaa pia mkiwa upande wa kuuza. Miaka ya 1990, jirani zetu wa Hanna Nassif, Kinondoni, kupitia chama chao cha wakazi, waliingia mikataba ya kujenga mifereji na barabara za mtaa wao, wakalipwa kwa kazi ya mikono yao. Leo sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na maombi hupitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023. Akina mama wanaoshona sare na kupika chakula hapa Manzese wanaweza kuwa wazabuni. Lakini atakayesaini mkataba wa kuuza bila kuuelewa ataumia kama anayenunua.

Yule mzee

Nirudi kwa mzee wa stoo. Karibu mwaka mmoja baadaye tulikuwa tunaandaa mafaili kwa ajili ya mkaguzi. Nyuma ya ankara ya saruji nikakuta kikaratasi kimebanwa kwa pini. Kilikuwa cha ghala la muuzaji mwenyewe, kinaonyesha mifuko iliyopakiwa kwenye lori siku ile. Kiliandikwa 164. Kilikuwa kwenye faili langu muda wote, na mimi sikukisoma.

Muuzaji tulimfuata. Alitujibu kwa hati yetu wenyewe: "Mbona mlisaini 200?" Hatukupata kitu.

Nilikwenda kwa yule mzee pamoja na Mwenyekiti wa wakati ule, na barua ya kamati ya kumwomba radhi. Alikuwa anauza mkaa nje ya nyumba yake. Alitukaribisha, akaisikiliza barua, kisha akaingia ndani akatoka na daftari lake dogo la stoo. Lilikuwa na tarehe ile, na namba 164, kwa mwandiko wake. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilihesabu. Ninyi hamkuniuliza."

Tulimwomba arudi kazini, akakataa kwa upole. Mtaani alikuwa ameshaitwa mwizi wa saruji kwa karibu mwaka mzima, na barua yetu haikuweza kuzunguka nyumba zote ambazo neno lile lilikuwa limefika.

Ndugu wajumbe, sisi sote hapa tunaijua amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Siku ile nilidhani ninasaini karatasi ya saruji. Kumbe nilikuwa natoa ushahidi dhidi ya mzee yule, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa uongo, ingawa sikukusudia.

Kwa hiyo Jumamosi naomba mambo matatu yabadilishwe kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Kwanza, "eneo la mradi" lisomeke "ndani ya stoo ya kituo". Pili, asilimia 50 ya malipo ya awali ipunguzwe na iwe na dhamana, la sivyo vifaa tununue wenyewe. Tatu, kipindi cha matazamio kiwe miezi 12, ili masika yapite juu ya vyoo hivyo. Mkandarasi akikataa, tutakaa naye tuzungumze. Na kama lipo neno lingine ndani ya rasimu ambalo mjumbe halielewi, aulize, na tusisaini mpaka alielewe. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ninayoijua mimi ni ile ya kusimama mbele ya mzee mwenye daftari.